Ultrasaundi: usipige logi mara mbili

Kwa mnaosafisha picha za ultrasaundi huku Lamu: zile chembe zilizotapakaa kama mchanga wa Shela hazijumlishwi juu ya picha, huzidishwa nayo. Penye mwangwi mkali, chembe nazo huwa kali. Ndiyo maana hesabu huanza na logi (logarithimu) ya kila thamani, kuzidisha kugeuke kujumlisha, ndipo uchuje. Ila picha ya kwenye skrini ya mashine kwa kawaida imeshapigwa logi tayari! Ukirudia, weusi wa ndani ya kibofu unachafuka.

Chujio: dirisha la pikseli 3 kwa 3, kila pikseli ichukue thamani ya katikati ya zile 9 zikipangwa. La 7 kwa 7 linapendeza macho, lakini linameza vijiwe vidogo. Kisha toa picha iliyochujwa kwenye ya asili, utazame masalio. Ukiona umbo la figo humo, umefuta mwili, si kelele, yaani zile chembe.

Wastani wa fremu 16 (picha 16 za mfululizo) hupunguza kelele mara 4, yaani kipeuo cha pili cha 16, mradi pembe ya probu, kile kifaa kinachoshikwa juu ya ngozi, ibadilike na fremu zilandanishwe. Probu ikitulia palepale, chembe ni zilezile, hupati kitu. Na hifadhi kwa DICOM (muundo wa faili za picha za hospitali) isiyobanwa. JPEG, ile ya kubana picha, huongeza uchafu wake.