Mawimbi ya sumakuumeme: anza na rimoti, jedwali baadaye

Walimu wenzangu wa Fizikia, tukianza mada hii kwa kuchora jedwali la aina za mawimbi haya ubaoni, wanafunzi hukariri majina saba bila kukutana na wimbi hata moja. Mimi huanza na rimoti ya televisheni.

Hatua ya 1. Mwanafunzi abonyeze rimoti huku akitazama kitaa chake cha mbele. Haoni kitu. Sasa akitazame kupitia kamera ya simu: kinatoa mwanga mweupe-zambarau, kinawakawaka. Nyamaza, waache wabishane. Wakishakubaliana kwamba upo mwanga usioonekana kwa macho, ndipo uwatajie infraredi, na mwanaastronomia William Herschel aliyeigundua mwaka 1800 kwa kuweka kipimajoto pembeni mwa rangi nyekundu iliyotoka kwenye mche wa kioo.

Hatua ya 2. Washa redio, stesheni iliyo karibu na MHz 100. Wagawanye kasi ya mawimbi haya, mita 300,000,000 kwa sekunde, kwa idadi ya mawimbi kwa sekunde, yaani 100,000,000 (MHz 100), wapate mita 3. Wanyooshe kamba ya mita 3 darasani: hilo ni wimbi moja.

Hatua ya 3. Funga simu kwa karatasi ya alumini, kingo zikunjwe mara mbili, kisha ipigwe. Haitaita, maana alumini huzuia mawimbi.

Jedwali sasa lichoreni pamoja.

Swali: Mwalimu, kamera yangu haikuonyesha chochote.
Jibu: Kamera nyingi za nyuma huchuja infraredi. Jaribu ya mbele, na ukague betri za rimoti.

Swali: Nilitumia sufuria yenye mfuniko, simu ikaita!
Jibu: Vizuri sana, wape wanafunzi fumbo hilo. Wimbi la MHz 1800 lina urefu wa kama sentimeta 17. Ufa ulio chini ya mfuniko ni mwembamba, lakini unazunguka sufuria nzima, na kinachopitisha wimbi zaidi ni urefu wa ufa. Ndiyo maana nasisitiza kukunja kingo.

Swali: Wanauliza kama mnara wa simu hufanya kazi kama eksirei mwilini.
Jibu: Hapa usikimbie. Fotoni (kifurushi kimoja cha nishati ya wimbi) ya mawimbi ya simu haina nishati ya kung'oa elektroni kwenye atomu. Ya eksirei inayo. Kisha wageuzie juani, maana miale ya urujuanimno huharibu DNA ya ngozi. Wenye ualbino wana melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, kidogo mno ya kuizuia, ndiyo maana saratani ya ngozi huwaandama. Mwenzao mwenye ualbino asimame kivulini wakati wa paredi, na darasa zima lieleze sababu.