Kifaru kisielee juu ya udongo

Ukitengeneza modeli ya mandhari ya vita ya Normandy, Ufaransa, 1944 kwa kipimo cha 1:35 (kila kitu kimepunguzwa mara 35), usisubiri udongo ukauke ndipo uweke kifaru, yaani lile gari la vita. Sherman halisi, kifaru cha Marekani, ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi, kwa hiyo minyororo yake ya kutembelea lazima izame. Kupata udongo huo, changanya plasta, gundi ya mbao na mchanga, tandaza, lowesha minyororo kwa maji isigande, kisha kandamiza kifaru udongo ukiwa bado mbichi. Mchanga uchekeche sana! Chembe ya milimita 3 ni jiwe la zaidi ya sentimita 10 mbele ya askari wako. Naye mchomeke waya mwembamba mguuni, buti likanyage chini kweli.