Somo: Kuchagua Rimu na Matairi ya Volkswagen Beetle ya Zamani

Mwenye Beetle akienda dukani kutafuta matairi, mara nyingi huambiwa kwamba saizi yake haipatikani tena, kisha huoneshwa 195/65R15, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye rafu kutokana na wingi wa magari madogo ya Kijapani. Anaangalia, anaona inchi 15 kama za kwake, tairi linapanda kwenye rimu, upepo unashika, na gari linaondoka. Hata mimi niliondoka hivyo mara moja, na sikujua nimekosea nini mpaka nilipowapakia watu watatu kiti cha nyuma na kusikia harufu ya mpira unaosagwa na madigadi.

Hatua ya kwanza: tambua gari lako lina nini sasa

Usitegemee mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Beetle nyingi zilizobaki zimekwisha kubadilishwa drami, ekseli na hata chesi nzima kutoka gari jingine, hivyo pima kilichopo mbele yako. Gari hili lilianza na rimu za inchi 16, na mwezi Oktoba 1952 likahamia inchi 15, ambazo limedumu nazo. Tairi la kiwandani la miaka mingi lilikuwa 5.60-15, lile la nyuzi za mshazari, na baadaye yakaja ya radiali, yale ya nyuzi zilizonyooka kutoka ukingo hadi ukingo, ya upana wa milimita 155 na 165. Soma pia maandishi yaliyogongwa kwenye rimu yenyewe: 4J x 15 au 4½J x 15 maana yake ni kwamba nafasi linapokaa tairi ina upana wa inchi 4 au inchi 4 na nusu. Kariri namba hiyo, kwa kuwa ndiyo itakayoamua mambo mengi kuliko zote.

Hatua ya pili: pima matundu ya bolti

Beetle za zamani zina bolti tano zilizotawanyika kwenye duara la milimita 205, na zile za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 zina bolti nne kwenye duara la milimita 130. Kwa bolti nne kazi ni rahisi: pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolikabili. Kwa bolti tano hakuna tundu linalokabiliana na jingine, kwa hiyo pima kati ya matundu mawili yanayofuatana, kisha gawanya kwa 0.588. Ukipata takribani milimita 120 na nusu, jibu ni 205. Rimu za Toyota ndogo zenye matundu manne kwenye duara la milimita 100 hazitaingia, na fundi atakayekuambia atayapanua matundu kwa dreli hafai kuachiwa gari.

Hatua ya tatu: hesabu kipenyo cha tairi

Chukua 165/80R15. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayotumika kama kimo cha ubavu, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 80 ya 165 ni 132. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo zidisha mara mbili upate 264. Inchi 15 ni milimita 381. Jumla ni milimita 645. Tairi lililoandikwa 165R15 tu, bila asilimia, lihesabu kwa 80.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa 155/80R15, utapata 629. Kwa 195/65R15 utapata karibu 635. Kwa 185/65R15 utapata karibu 622. Na kwa 205/70R15 utapata 668. Mimi hujiwekea mpaka wa asilimia 3 kutoka kipenyo cha asili, yaani zile milimita 645 za 165/80R15. Kwa kipimo hicho 155 na 195 zinapita, ilhali 185/65 na 205/70 zinavuka kidogo, moja kwa kuwa fupi na nyingine kwa kuwa ndefu.

Kipenyo si suala la sura tu. Tairi fupi hulazimisha injini izunguke zaidi kwa mwendo uleule, na injini ya Beetle hupozwa kwa hewa, haina rejeta ya kuisaidia. Tairi refu nalo huchosha injini hiyo ndogo kwenye mlima. Jaribu kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto ukiwa na mizigo, utaona gia ya tatu inavyokukimbia.

Hatua ya nne: linganisha upana wa tairi na upana wa rimu

Hapa ndipo 195/65R15 inapoanguka ingawa ilifaulu mtihani wa kipenyo. Tairi hilo limeundwa kwa rimu ya inchi 5 na nusu hadi 7. Ukilibana kwenye rimu ya inchi 4, mbavu zake zinavimba kama puto, kashata za katikati (ile miinuko inayogusa barabara) zinabeba mzigo wote na kuisha mapema, na kwenye kona gari linayumba juu ya tairi kabla usukani haujaitikia. Tairi la 155/80 au 165/80 ndilo linalokaa sawasawa kwenye rimu ya inchi 4 hadi 5 na nusu. Kwa maneno mengine, mwenye rimu za kiwandani achague kati ya hayo mawili, na anayetaka tairi pana aanze kwa kununua rimu pana.

Rimu nyingi za zamani pia hazina ule mgongo mdogo wa ndani unaolizuia tairi lisichomoke kwenye kingo zake linapolemewa. Rimu yenye mgongo huo huwa na herufi H baada ya vipimo. Isiyo nayo itiwe tyubu, hata kama tairi limeandikwa kwamba halihitaji.

Hatua ya tano: ofseti

Ofseti ni umbali kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusana na drami. Tuseme rimu uliyonayo ni ya inchi 4 na nusu yenye ofseti ya 34, na umepata spoti rimu za inchi 5 na nusu zenye ofseti ya 25. Inchi moja iliyoongezeka ni milimita 25.4, na nusu yake, 12.7, huenda kila upande. Ofseti imepungua kwa 9, kwa hiyo rimu yote imesogea nje milimita 9. Upande wa ndani unaongezeka 3.7 tu, na upande wa nje unaongezeka 21.7. Hizo milimita 21.7 ndizo zitakazokutana na madigadi.

Hatua ya sita: jaribu gari likiwa na mzigo

Usipime nafasi gari likiwa juu ya jeki. Ekseli za nyuma za Beetle za zamani huning'inia kama mabawa, na gurudumu likiwa hewani hujikunja chini ya gari na kuonesha nafasi ambayo haipo. Lishushe, pakia watu nyuma, kisha pitisha kidole kati ya tairi na madigadi pande zote. Mbele, zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Hakikisha pia kwamba tairi la akiba linaingia kwenye shimo lake chini ya boneti ya mbele, kwa maana tairi pana mara nyingi hukataa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Arusha: Shikamoo fundi. Barabara ya kwetu ni ya mawe. Je, siwezi kuweka 205/70R15 ili gari linyanyuke?

Marahaba. Linanyanyuka kweli, lakini kwa nusu ya tofauti ya kipenyo tu, yaani milimita 11 au 12, na kwa gharama ya kununua rimu pana na kuichosha injini. Kumbuka kwamba Beetle iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962 haikuwa gari la matairi mapana. Kwenye mawe na matope, tairi jembamba lenye kashata nene hukusaidia zaidi.

Mwanachama wa Mombasa: Nikiweka 155 mbele na 165 nyuma, spidomita itasomaje?

Swali zuri, kwa sababu waya wa spidomita ya Beetle hautoki kwenye giaboksi kama magari mengi. Hupita katikati ya habu ya gurudumu la mbele kushoto na kufungwa kwa kipini kidogo nje ya kifuniko cha grisi. Ukivua kapu ya gurudumu hilo utakiona. Kwa hiyo spidomita husoma tairi la mbele pekee. Likiwa fupi kwa asilimia 2 na nusu kuliko la asili, ukiona 80 unakwenda 78 hivi. Matairi ya nyuma hayabadilishi chochote kwenye mshale huo. Hubadilisha mzunguko wa injini. Mpangilio wako unakubalika, mradi matairi ya ekseli moja yafanane.

Mwanachama wa Nakuru: Nimenunua spoti rimu, lakini bolti za zamani zinaonekana kuingia vizuri. Nizitumie?

Angalia kichwa cha bolti sehemu inayoikalia rimu. Bolti za rimu ya chuma ya kiwandani za matundu manne zina kitako cha mviringo kama mpira, na spoti rimu nyingi za dukani zinataka kitako cha pembe kama koni. Vikichanganywa, bolti hugusa kwa ukingo mwembamba tu na kulegea barabarani. Nunua zinazolingana, kisha zikaze upya baada ya kilomita 50.

Mwanachama wa Dodoma: Mtu wa pancha hunijazia upepo wa psi 35 magurudumu yote. Ni sawa?

Si sawa. Injini iko nyuma, mbele ni pepesi. Mbele weka 16 hadi 18, nyuma 24 hadi 27, ukiongeza kidogo ukiwa na abiria wengi. Ukiweka 35 mbele, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na gari linarukaruka kwenye matuta. Tairi la akiba pekee ndilo linaloweza kujazwa zaidi, maana kwenye Beetle nyingi upepo wake ndio unaosukuma maji ya kuoshea kioo cha mbele.

Mwanachama wa Tanga: Nimepata matairi ya mtumba ya 165 yenye kashata nzima. Bei ni nusu.

Tafuta ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukisoma 2309, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009, na kashata zake nzima maana yake ni kwamba limekaa stoo likikauka. Ukikuta namba tatu tu, ni la kabla ya mwaka 2000, mrudishie mwenyewe.