Jina la Kuazima Halisitiri: Namna ya Kukipa Kitabu Chako Jina

Mswada ukishakamilika Lamu au Malindi, majina matatu huja yenyewe: moja lina bahari, la pili lina kisiwa, la tatu lina machweo. Mchoraji naye atakuletea jahazi au mlango wa nakshi. Vyote hivyo viko rafuni tayari, na msomaji hatakumbuka kipi ni chako. Tenga siku mbili tatu uifanye kazi hii kabla ya kwenda kwa mpiga chapa.

Kusanya majina 30 ya vitabu vya aina yako, riwaya kwa riwaya, miongozo kwa miongozo. Piga safu tatu daftarini: umbo la jina, nomino zilizomo, picha ya jaladani. Nomino ikirudi mara tano, iache. Umbo likipita nusu ya orodha, tafuta jingine. Tazama fasihi teule za sekondari nchini Kenya za miaka ya karibuni: Chozi la Heri, Nguu za Jadi, Bembea ya Maisha, Mapambazuko ya Machweo. Zote ni nomino, -a unganifu (la, za, ya), nomino. Kila moja ni jina zuri, lakini la kwako likiwa la tano kwa umbo hilohilo, mwenye duka atalichanganya na hayo manne. Njia nyingine zipo: neno moja pekee, kama Utengano, au kishazi kizima chenye kitenzi, kama Kidagaa Kimemwozea.

Si kila kuiga ni kosa. Pate na Lamu za zamani, “Utendi wa” ilikuwa alama ya aina, yaani shairi refu. Aliyesikia Utendi wa Tambuka, au Utendi wa Mwana Kupona wa 1858, alishajua kuwa anangojewa na mizani (silabi) nane kwa kila kipande. Kwa hiyo mwongozo uite mwongozo, na kitabu cha mapishi kitaje mapishi. Azima kibao cha duka kinachotaja bidhaa. Jina la mwenye duka usiliguse.

Kukimbiza mtindo uliovuma ni hasara kwa sababu ya muda. Riwaya ya Stieg Larsson ilitoka Uswidi 2005, na jina lake la Kiswidi lilihusu wanaume wanaochukia wanawake. Tafsiri ya Kiingereza ya 2008 ndiyo iliyoitwa The Girl with the Dragon Tattoo. Ikaja Gone Girl 2012, kisha The Girl on the Train 2015, na nyuma yake msururu wa “Girl” hadi wasomaji wakachoka. Kutoka mswada hadi duka mara nyingi hupita mwaka au zaidi, kwa hiyo anayeanza kuandika leo kwa kufuata jina linalovuma atafika soko limeshafungwa.

Jina zuri huwa limo ndani ya mswada. Pigia mstari vifungu kumi ambavyo mhusika wako pekee angevisema. Angalia pia maneno ya baharini ambayo hayajachakaa majaladani: maleleji (pepo za kugeukageuka kati ya misimu), bamvua (maji makuu ya bahari), maji mafu (maji yasiyojaa wala kupwa sana), demani (mwisho wa msimu wa kusi). Msomaji wa bara asipolijua neno, jina dogo la chini au picha imfafanulie. Kiamu, lahaja ya Lamu, kina mtego wake: ukiandika “ndia”, mtu wa Nakuru atatafuta “njia” mtandaoni asikuone. Neno la Kiamu likitumika, weka tahajia sanifu kwenye maelezo ya kitabu.

Sasa lijaribu. Wapigie simu watu watano, wawili wasiwe wa pwani. Litamke mara moja tu, waambie waliandike na kukutumia, kisha kesho yake waulize wanalikumbuka vipi. Wawili wakikosea, libadilishe. Halafu litafute Google ndani ya alama za kunukuu, ukiongeza neno “riwaya” au “tamthilia”.

Haya yote yatangulie ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Kenya namba hiyo hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Ina tarakimu 13, na kila toleo lina yake. Ukibadilisha jina baadaye unahitaji namba mpya, na kitabu pepe kina yake mbali na cha karatasi.

Kisheria, hakimiliki kwa kawaida hailindi jina peke yake, ndiyo maana vitabu viwili vinaweza kuitwa sawa. Mchoro wa jalada unalindwa, na kulifananisha jalada hadi mnunuzi adanganyike kunaweza kukufikisha mahakamani.

Mwisho pima mgongo wa kitabu. Kurasa 120 ni karatasi 60. Kwa karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, yenye unene wa takribani milimita 0.1, unapata milimita 6 hivi. Jina la maneno manane hapo litakuwa herufi za kusomwa kwa miwani, na rafu nyingi huonyesha mgongo tu. Maneno manne yanatosha.