Kabla hujahifadhi grafu yako ya R

Wiki jana jirani yangu hapa Kisumu, mwanafunzi anayeandika ripoti ya bei ya omena pale Dunga, alinitumia picha ya skrini ya R, ile lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu na kuchora grafu, imejaa maandishi mekundu. "Kaka, grafu naiona, lakini imekataa kuhifadhiwa." Nikamwambia anitumie mstari wote. Alikuwa ameandika hivi:

ggsave(grafu, "omena.png")

Basi tatizo ni foleni tu. Vitu visivyo na jina ndani ya mabano, R huvipokea kwa zamu, na kwa ggsave, amri ya kuhifadhi grafu, zamu ya kwanza ni ya jina la faili. Yeye alitanguliza grafu. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza Enter, taja kila kitu kwa jina lake, hata kama vidole vitachoka:

ggsave(filename = "omena.png", plot = grafu, width = 16, height = 10, units = "cm")

Ukishataja majina, mpangilio hauna neno tena. Lakini yaandike sawasawa: heigth si height, na Width yenye herufi kubwa si width. Ukiona "unused argument", yaani R haitambui jina uliloandika, usianze kulaumu kompyuta, soma herufi moja moja. Ukiwa umesahau majina yenyewe, andika ?ggsave, ukurasa wa msaada utafunguka.

Vipimo ndivyo vinavyowaponza wengi. Usipotaja units, yaani kipimo, ggsave huhesabu kwa inchi. Ile 16 uliyodhani ni sentimita inakuwa zaidi ya sentimita 40, na ukiibana picha hiyo iingie kwenye ukurasa wa ripoti, maandishi yanakuwa madogo kama chawa. Mwenye kuandika width = 1200 akiwaza pikseli atakataliwa kabisa, maana kikomo ni inchi 50. Kuna watu watakwambia uzime kikomo hicho kwa limitsize = FALSE. Mimi nasema weka units = "px" yaishe. Amri ya png, njia nyingine ya kuhifadhi grafu, nayo ina mazoea yake: yenyewe huhesabu kwa pikseli, 480 kwa 480 usipoiambia kitu, na ukiibadilisha iwe inchi lazima uipe res pia, yaani pikseli ngapi kwa inchi.

Jina la faili liwe na mkia, .png au .pdf, kwani ggsave hutambua aina ya faili hapo. Kwenye Windows, njia ya folda iandikwe kwa mkwaju wa kawaida, C:/Users, si ule ulioinama kinyume. Kama hujui faili itaangukia wapi, getwd() itakuonyesha.

La mwisho, kwa wanaotumia amri ya png au pdf pamoja na plot, ile ya kuchora: malizia na dev.off(), ndiyo inayoifunga faili. Mimi niliisahau mara moja, nikabeba flashi hadi saiba ya Kondele, nikalipa, nikangoja zamu yangu ya kuprinti. Faili ilikuwepo, jina lake zuri kabisa, ila haikufunguka.