Nguo za Sikukuu bila kukesha: somo kwa mafundi cherehani

Assalamu alaykum mafundi wenzangu. Shaaban inakatika na vitambaa vimeanza kuingia. Mwaka mmoja nilipokea kila kilicholetwa. Usiku wa 29 Ramadhani mwezi ukaandama, nami nina magauni tisa mezani. Nilikesha hadi alfajiri. Gauni moja nililitia mkono wa kulia kushoto, sikuona mpaka binti alipolivaa mlangoni kwangu akaanza kulia. Wanangu mimi mwenyewe walikwenda Mnazi Mmoja na nguo za mwaka juzi.

Hatua ya 1. Hesabu siku 29, si 30. Kazi iishe siku ya 26. Zinazobaki ni za kufupisha pindo na kubana kiuno.

Hatua ya 2. Jipime kabla hujampima mteja. Gauni moja hunichukua saa 3, na kwa siku nashona saa 6, basi magauni 2. Tangu Ramadhani 5 hadi 26 ni siku 22. Nikitoa Ijumaa 3 zinabaki 19, yaani magauni 38. Napokea 32 tu, maana mtoto huugua na sindano huvunjika.

Hatua ya 3. Kila kitambaa kiandikwe daftarini: jina, vipimo, malipo ya awali, siku ya kuchukua. Kata kipande kidogo ukibane kwa pini ukurasa huo huo. Zikifika 32, funga. Hapa ndipo tunaposhindwa, kwa sababu anayekuja siku hizo ni jirani, ni wifi, ni mama mkwe. Mwambie palepale mlangoni: "Za Sikukuu zimejaa, yako baada ya Sikukuu inshaallah." Atanuna, lakini bado ana muda wa kutafuta fundi mwingine. Ukimpokelea kisha ukamwangusha siku ya mwisho, hana pa kwenda.

Hatua ya 4. Kata kwa mkupuo, ushone zenye uzi wa rangi moja pamoja. Vifungo na pasi mpe mwanafunzi.

Hatua ya 5. Anza saa mbili asubuhi, pumzika saa sita uswali, na saa tisa funika cherehani. Alasiri ya mfungo macho huchoka, na ndipo sindano inapopita kidoleni. Jioni ni ya futari, watoto na tarawehe. Kisha ulale, daku haichelewi.

Maswali

*Wateja wangu huku Wete hawapati fedha mpaka kumi la mwisho. Nifanyeje?*
Muuzie nafasi kabla ya kitambaa. Alipe kidogo aandikwe, na kitambaa kiingie mara tu kumi hilo linapoanza. Kisipoingia, nafasi mpe mwingine.

*Na umeme ukikatika?*
Weka cherehani ya miguu na pasi ya makaa. Unguja tulikaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, na tangu hapo yangu ya miguu siiuzi.

*Mimi nashonea dukani kwa tajiri, siwezi kukataa kazi.*
Lako zito zaidi, mdogo wangu. Andika wiki nzima kila nguo imekuchukua saa ngapi, na ngapi ulizifumua kwa sababu ya usingizi. Nguo iliyofumuliwa ni hasara yake pia, na hiyo ataielewa. Ukishaandika, ilete hapa tuitazame pamoja kabla hujaenda kwake.