Kurudishiwa haki ya kura Florida ukiwa na feloni

Tangu Januari 8, 2019, aliyetiwa hatiani kwa feloni (kosa kubwa la jinai) Florida hupata tena haki ya kura akimaliza adhabu yote. Kasheshe ipo kwenye hilo "yote". Sheria ya 2019 inahesabu kifungo, paroli (kutoka gerezani mapema kwa masharti), probesheni (kifungo cha nje) na pesa pia: faini, gharama za mahakama, fidia ya mwathirika. Wenye kesi za mauaji au feloni za ngono hawamo. Hao huomba msamaha kwa gavana na baraza lake.

1. Nenda kwa karani wa mahakama wa kaunti ulikohukumiwa, si unakoishi, uombe nakala ya hukumu na adhabu. Kesi kaunti tatu, makarani watatu. Kaunti ziko 67 na hakuna daftari moja la madeni.

2. Soma karatasi yenyewe, usishike tu salio la kwenye kompyuta. Kinachohesabika kwa kura ni kiasi kilichoandikwa humo. Karatasi ikisema dola 800 na leo unadaiwa 1,100, ile 300 ya juu huenda ni riba au ada ya wakusanya madeni. Utaendelea kudaiwa, ila haikuzuii kupiga kura. Tahadhari: fidia iliyogeuzwa deni la madai (la kiraia, si la jinai) bado inahesabiwa kuwa haijalipwa.

3. Huna pesa? Mwombe hakimu akufutie, kwa ridhaa ya anayekudai, au aigeuze kazi za kijamii. Hapo saa zote zitimie. Ikibaki moja, bado.

4. Una shaka, iandikie Divisheni ya Uchaguzi ya jimbo ikupe maoni rasmi kabla hujasaini popote. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo kinga yako.

5. Jiandikishe, mwisho siku 29 kabla ya uchaguzi.

Maswali ya wanachama

Wakuu, kadi ya mpiga kura imeshanifikia kwa posta. Si ndiyo uthibitisho?
Hapana, mkuu. Agosti 2022 Florida ilitangaza kukamatwa kwa watu 20 kwa tuhuma za kupiga kura bila haki, na wengi wao kadi walikuwa nazo. Kuapa uongo kwa makusudi kwenye fomu ya kujiandikisha ni feloni nyingine: hadi miaka 5 na faini ya dola 5,000.

Nilihukumiwa New York, sasa naishi Florida.
Inatumika sheria ya New York. Kule ukishatoka gerezani haki imerudi, hata kama uko kwenye paroli.

Hakimu alisema "adjudication withheld", yaani amezuia kunitia hatiani.
Basi hukutiwa hatiani, na haki ya kura hukuipoteza. Hakikisha maneno hayo yamo kwenye karatasi.

Nina grini kadi, nilimaliza probesheni.
Usijaze fomu kabisa, hata ukiletewa dirishani unaposhughulikia leseni ya udereva. Kura ni ya raia tu, na asiye raia akijiandikisha anaweza kufukuzwa nchini. Kama ulishajaza, mwone wakili wa uhamiaji kabla hujaandika barua yoyote.